Nani Yumo Darasani: Watoto wa Elimu ya Awali Katika Jiji la Dodoma



Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Hilo ni ongezeko la asilimia 86 kwa miaka kumi, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Uzazi peke yake hauiwezi kazi hiyo. Watu wamehamia, na wengi wamehamia wakiwa katika umri wa kuzaa na kulea: karani wa miaka 30, fundi rangi wa miaka 26, mama lishe mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mji ukikua namna hii, wa kwanza kukosa nafasi si mwanafunzi wa chuo kikuu wala wa sekondari. Ni mtoto wa miaka mitano, maana huyo hayumo kwenye mpango wa mtu yeyote mpaka siku mama yake anapomfikisha mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu.

Nimeombwa nizungumzie uandikishaji wa watoto wa awali katika jiji hili, na watoto wenyewe ni akina nani. Nina hoja moja kuu, na nitaisema mapema ili asiyekubaliana nami apate muda wa kupanga maswali. Takwimu tunayoitangaza kila Januari, ile ya walioandikishwa, inatupa habari za wazazi kuliko za watoto. Inatuonyesha mzazi amepanga wapi, anatoka kazini saa ngapi, na kama nyumbani kuna mtu wa kumpokea mtoto kabla ya adhuhuri. Tukiishangilia bila kuisoma hivyo, tutaendelea kujenga madarasa mahali ambapo watoto hawapo.

Mwaka 2016 Dodoma ilipata amri mbili, na zote mbili ziliangukia darasa la awali. Ya kwanza ilianza kutekelezwa Januari: elimu bila ada, iliyotokana na Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Ya pili ilitoka Julai, pale Rais John Magufuli alipotangaza hapahapa Dodoma kwamba serikali inahamia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulikuwa umefanywa tangu 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, iliundwa mwaka huohuo. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam, na watumishi walikuja huku wakati wa vikao vya Bunge wakiwa na begi moja. Septemba 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam. Yule wa begi moja akaanza kuja na kabati, friji na watoto.

Amri ya kwanza tuipime kitaifa. Mwaka 2015 watoto wa awali nchini walikuwa takriban milioni moja. Mwaka uliofuata walizidi milioni moja na nusu. Nusu milioni ya watoto iliingia ndani ya Januari moja, kwenye madarasa ambayo mengi yalikuwa pembe ya darasa la kwanza au kivuli cha mwembe. Kiwango cha nchi ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Katika shule za serikali, miaka iliyofuata wastani ulivuka watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Mtu anayesema ada haikuwa kikwazo kwa mtoto mdogo aende akaitazame Januari ile.

Hapa niingize tahadhari ya mtu aliyezeeka na takwimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa ya miaka miwili, kwa watoto wa miaka mitano na sita, wala haikuwa lazima. Sera ya 2014 ikaifanya ya mwaka mmoja, na ya lazima. Toleo lake la 2023 limebaki hapohapo. Sasa fikirini: ukitafuta asilimia ya walioandikishwa, jana uligawanya kwa watoto wa marika mawili, leo unagawanya kwa rika moja. Asilimia itapanda hata kama hakuna mtoto mmoja aliyeongezeka. Na kwa kuwa darasani wamo wa miaka minne, wa sita, wakati mwingine wa saba, unaweza kupata asilimia inayozidi mia huku mtaani kuna watoto hawajawahi kushika chaki. Anayekuletea asilimia ya awali, mwulize kwanza amegawanya kwa nani.

Kwa jiji letu hesabu inafanyika hata nyuma ya bahasha. Katika nchi yenye watoto wengi kama yetu, kati ya kila watu 100 wawili au watatu hivi ni wa miaka mitano. Katika watu 765,179 hao ni kati ya watoto 15,000 na 23,000. Tukiwapanga 25 kwa darasa, tunahitaji madarasa kati ya 600 na 900 ya awali peke yake. Jiji lina kata 41. Sihitaji kuendelea, kila diwani aliyemo humu anajua kata yake ina madarasa mangapi ya awali.

Ugumu mwingine ni mahali. Shule nyingi kongwe za mjini zilijengwa mji ulipokuwa Majengo, Uhuru, Viwandani, Makole na Chang'ombe. Wazazi wa leo, hata hivyo, wanaanza maisha Nzuguni, Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mkonze, kwenye viwanja vilivyopimwa juzi, ambako nyumba hutangulia, maji hufuata, na shule huja mwisho. Mtoto wa darasa la tano anaweza kutembea kilomita tatu akavuka na barabara. Wa miaka mitano hawezi, na mama mwenye akili zake hamruhusu. Kwa hiyo katika kata za pembezoni mtoto hukaa nyumbani mpaka afikie umri wa kutembea na wenzake, kisha anaandikishwa moja kwa moja darasa la kwanza, na awali yake imepita. Kwenye takwimu za darasa la kwanza yumo, tena anahesabiwa kama mafanikio.

Fungueni nami rejista ya uandikishaji ya darasa la awali. Kuna safu ya jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, kazi ya mzazi, mahali anapoishi. Safu ya jinsi haina neno: wasichana na wavulana wanakaribiana sana. Safu ya tarehe ya kuzaliwa ndiyo yenye visa. Utakuta waliozaliwa Januari 1 ni wengi mno, kwa sababu mzazi hakuwa na cheti, mwaka anaukumbuka, na mwalimu alitaka siku ya kuandika. Mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano umepunguza jambo hili, ila mhamiaji aliyeacha kadi ya kliniki kwa mama mkwe wake Iramba bado atapewa Januari 1. Safu ya kazi imejaa "mkulima" na "biashara". Mwendesha bodaboda ni biashara. Anayepika uji stendi ni biashara. Mlinzi wa usiku, nimemwona akiandikwa mkulima, labda kwa sababu ndivyo baba yake alivyoandikwa. Na safu ya makazi ina jina la kata tu, kwa hiyo huwezi kujua kama mtoto anatembea dakika tano au saa nzima.

Yasiyokuwemo ni mengi zaidi. Hakuna safu ya lugha ya nyumbani, na hakuna ya nani atamfuata mtoto baada ya masomo.

Hilo la pili ndilo ninalotaka tukae nalo, maana naona linachambua watoto kuliko ada ilivyowahi kuchambua. Darasa la awali la serikali huanza asubuhi na kwisha kabla ya adhuhuri. Mtumishi wa umma anaingia kazini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, na kama ofisi yake ni Mtumba na amepanga Kizota, weka saa ya daladala kwenda na nyingine kurudi. Mama anayeuza mboga Soko Kuu la Job Ndugai ameondoka alfajiri. Fundi yuko jengoni. Saa tano na nusu mchana mtoto wa miaka mitano anatoka darasani: anakwenda kwa nani?

Kwa wenyeji wa mji, jibu lilikuwa bibi. Nyumba ya Kigogo ya mjini, hata ya vyumba vitatu, haikukosa bibi au shangazi, na mtoto wa jirani alipokelewa pamoja na wa nyumbani. Mhamiaji amemwacha bibi Mbeya, Bukoba, Tanga. Mwenye mshahara anamleta dada wa kazi. Wakati mwingine dada mwenyewe ni binti wa miaka 14 kutoka kijiji cha Bahi au Mpwapwa, ambaye naye angepaswa kuwa shule, lakini hiyo ni mada ya jioni nyingine. Asiye na mshahara wa kumlipa dada anabaki na njia mbili: asimwandikishe mtoto, au amtafutie mahali panapomshikilia mpaka jioni.

Mahali hapo papo kila mtaa. Twende Nkuhungu, nyumba yoyote yenye geti lililochorwa herufi na samaki. Sebule imetolewa makochi. Kuna mkeka wa plastiki, viti vidogo vya rangi, ndoo yenye koki ya kunawia, chupa ya uji yenye jina la kila mtoto kwenye plasta. Mwenye nyumba, ambaye watoto humwita Anti au Ticha, amemaliza kidato cha nne, pengine na kozi fupi ya malezi. Anapokea watoto kuanzia miaka miwili, saa kumi na mbili asubuhi, anawakabidhi jioni, na analipwa kwa wiki kwa sababu wazazi wake hawana kipato cha mwezi. Hicho ndicho tunachokiita chekechea. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 kituo kama hicho kinapaswa kusajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii. Vingi havijasajiliwa, kwa kuwa masharti ya majengo, choo na eneo la michezo yanaizidi sebule. Kwa hiyo watoto wake hawahesabiwi na Afisa Elimu, kwa sababu si shule, wala na Ustawi wa Jamii, kwa sababu si kituo. Ni watoto wa jiji ambao jiji halina habari nao, ingawa wanajua kuimba namba mpaka hamsini.

Upande wa pili kuna basi la njano. Shule za awali na msingi zinazofundisha kwa Kiingereza zimeota kila upande wa Dodoma tangu watumishi wahamie, na sishangai. Basi linamchukua mtoto mlangoni alfajiri na kumrudisha alasiri. Ada ya muhula mmoja inaweza kuumeza mshahara wa mlinzi wa miezi kadhaa. Wengi hudhani wazazi wanalipia Kiingereza. Mimi naamini sehemu kubwa wanalipia saa. Mpe mzazi wa Mtumba darasa la serikali lenye watoto 30, uji saa nne, chakula saa saba, na mtu wa kumwangalia mtoto mpaka saa kumi, uone wangapi watabaki kwenye basi.

Sasa zipo halmashauri zilizoamua kushindana na basi la njano kwa kuwa na lao. Shule za serikali za Kiingereza zinazotoza ada si jambo geni: Olympio na Diamond za Dar es Salaam na Arusha School zimekuwepo miaka mingi, na halmashauri kadhaa zimefuata. Hoja yao ni kwamba mapato yatasaidia shule nyingine. Nakiri majengo yao ni mazuri. Lakini ardhi ni ya umma, na walimu wengi wanalipwa na umma, halafu mlango unafunguka kwa mwenye ada. Halmashauri inayofanya hivyo kabla ya kuwapatia nafasi watoto wa Nala na Ihumwa imechagua watoto wake.

Wamarekani walipata tatizo linalofanana na hili, wakalitatua kwa njia ambayo sehemu yake tungeweza kuiazima. Jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 1991 ya kuruhusu shule za mkataba: zinaendeshwa na bodi binafsi, zinalipwa na serikali, hazitozi ada, na zisipotimiza mkataba zinafungwa. Washington, ambao nao ni mji mkuu uliopangwa kwa amri, una shule nyingi za namna hiyo, na tangu sheria yake ya 2008 watoto wa miaka mitatu na minne wanatafutiwa nafasi za bure za awali, katika shule za kawaida na za mkataba. Maombi yakizidi nafasi, inapigwa kura ya bahati nasibu. Tangu 2014 shule nyingi zimo katika bahati nasibu moja ya pamoja. Siwaombi tuanze bahati nasibu, maana inagawa uhaba tu. Ninachokiazima ni kingine: kule shule inayokula fedha ya umma inatangaza watoto wake ni akina nani, wangapi wanatoka kaya maskini, wangapi wana ulemavu, wangapi wanaongea lugha nyingine nyumbani. Shule isiyochukua watoto wagumu inaonekana kwenye karatasi. Kwetu mpaka juzi tulichokijua kuhusu shule ni nafasi yake katika kumi bora, na hata hiyo Baraza la Mitihani limeacha kuitangaza tangu 2023.

Niseme kidogo kuhusu uwanda unaotuzunguka, maana jiji halina ukuta. Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa zinatuletea watoto na zinatuchukulia. Huku mvua ni moja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na shule hufunguliwa Januari, wakati familia iko shambani inalima mtama, uwele na karanga, mara nyingine mbali na kijiji. Mvulana wa miaka sita ana ndama wa kuchunga. Anaandikishwa, halafu haonekani mpaka mavuno, na mwalimu anamwita mtoro. Lugha nayo ina uzito wake: anayefika darasani na Kigogo, Kirangi au Kisandawe anamkuta mwalimu asiyejua hata salamu yake, na wiki za mwanzo anakaa kimya akihesabiwa mzito.

Kwa watoto hao kuna jambo lilifanyika ambalo silioni likizungumzwa vya kutosha. Programu ya EQUIP-T, iliyofadhiliwa na Uingereza kati ya 2014 na 2020, ilianzisha madarasa ya utayari katika mikoa yake, Dodoma ikiwemo. Yalikuwa ya wiki 12, baadaye 16, kwa watoto waliokosa awali. Waliofundisha walichaguliwa na kijiji chenyewe: kijana anayejua lugha ya nyumbani ya watoto, anayejua pia kwamba Maganga hayupo leo kwa sababu ng'ombe wamevuka mto. Zanzibar walitangulia kwa vituo vyao vya Tucheze Tujifunze, walezi wakiwa watu wa shehia. Kisha ikaja fedha ya mkopo wa UVIKO-19, iliyojenga madarasa 3,000 katika vituo shikizi nchini, karibu na watoto wanaoishi mbali na shule mama. Majengo yamebaki na yanaonekana. Mlezi wa kijiji, ambaye gharama yake ilikuwa posho tu, ndiye aliyepotea kwanza mradi ulipokwisha. Tunapenda kuzindua kitu chenye bati.

Sasa nirudi mjini na pendekezo. Serikali ilizindua hapahapa Dodoma, Desemba 2021, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na maneno yake juu ya ushirikiano wa elimu, afya na ustawi wa jamii ni mazuri. Tuyafanyie kazi kwa kuanzia na Anti wa Nkuhungu. Badala ya kumfungia geti kwa kukosa eneo la michezo, kila chekechea ya mtaa iandikwe chini ya shule ya msingi iliyo jirani. Mwalimu wa awali wa shule hiyo awatembelee watoto wake, Ustawi wa Jamii ukague choo, maji na usalama, na watoto wahesabiwe. Asubuhi mtoto asome shuleni, mchana Anti ampokee kwa malipo ambayo mzazi anayatoa hata sasa. Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa shahada ya elimu ya awali. Wanafunzi wake wanaotafuta mahali pa mazoezi wana sebule za kutosha ndani ya mwendo wa daladala. Na rejista iongezwe safu tatu: lugha ya nyumbani, mwendo wa kutembea kwa dakika, na nani anamfuata mtoto.

Kuna atakayesema hili litahalalisha vituo duni. Ni kweli vingine ni duni, na vichache ni vya hatari na vifungwe. Lakini watoto wapo humo leo, tukivitambua au tusivitambue, na kituo kisichoandikwa popote hakikaguliwi na yeyote.

Uandikishaji wa mwaka ujao unaanza Oktoba. Kwa kawaida tunamsubiri mzazi aje shuleni, kisha tunamhesabu aliyekuja. Humu ndani nawaona wenyeviti wa mitaa, na wao wana daftari la wakazi. Wanajua nani kajenga na nani kapanga chumba cha uani tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo swali la kwanza nitaliuliza mimi, na ningependa mtu mmoja alijibu kabla sijakaa: katika mtaa wako, watoto waliotimiza miaka minne ni wangapi, na mchana wanashinda wapi?